Trekta dogo na theluji: Mbinu za kuchagua zana ifaayo kabla ya msimu wa baridi

Na MWANDISHI WETU

KWA Mkenya aliyelelewa nyumbani, theluji ni ule weupe unaoonekana kwa mbali kileleni mwa Mlima Kenya asubuhi ambapo mawingu yametanduka. Kwa mwenzake aliyelowea katika jimbo la Minnesota, Marekani, theluji ni mzigo unaomsubiri mlangoni alfajiri.

Brooklyn Park na vitongoji vingine vya kaskazini mwa jiji la Minneapolis ni makao ya Wakenya wengi. Baadhi yao hufanya kazi katika hospitali na makao ya wazee, mahali ambapo zamu haisubiri njia izibuliwe. Anayenunua nyumba nje ya mji, yenye njia ndefu ya kuingilia, hutambua upesi kwamba sepetu haitoshi. Hapo ndipo fikira za kununua trekta dogo zinapomjia.

Hata hivyo, trekta peke yake haliondoi theluji. Kinachofanya kazi ni zana inayofungwa mbele au nyuma yake, na ni katika uchaguzi wa zana hiyo ambapo wengi hupoteza pesa.

Uzito usioonekana

Theluji iliyoanguka punde ni nyepesi machoni tu. Mita moja ya ujazo ya theluji kavu aghalabu huwa na uzito wa kati ya kilo 50 na 100. Ile iliyoloa maji au iliyoshindiliwa yaweza kufikia kilo 300 au zaidi.

Chukua mfano wa njia ya urefu wa mita 60 na upana wa mita nne. Ikiangukiwa na theluji ya kina cha sentimita 20, hizo ni mita 48 za ujazo. Hata kwa kipimo cha kilo 100, mwenye nyumba ana takriban tani tano za kuhamisha kabla ya kwenda kazini. Theluji hiyo ikiwa imeloa, mzigo hupita tani 14.

Tena hilo si jambo la mara moja. Kwa wastani, eneo la Minneapolis hupata theluji ya kiasi cha sentimita 130 kwa msimu. Dhoruba iliyoanza Oktoba 31, 1991 ilimwaga zaidi ya sentimita 70 jijini humo, na zaidi ya sentimita 90 katika mji wa Duluth, kwa muda wa siku chache tu. Katika msimu wa 2022 hadi 2023, Duluth ulipokea zaidi ya sentimita 350. Kwa hivyo, zana inayofaa kwa dhoruba moja huenda ikashindwa ifikapo Februari, theluji ya awali ikiwa bado imerundikana kando ya njia.

Bamba la kusukumia

Zana rahisi zaidi ni bamba la chuma linalokwangua ardhi na kusukuma theluji kando. Lipo la kufungwa nyuma, kwenye mikono mitatu ya kubebea zana, na lipo la mbele.

La nyuma ni la bei nafuu na laweza kutumika wakati wa kiangazi kusawazisha changarawe. Kasoro yake ni kwamba magurudumu hutangulia kuikanyaga theluji kabla bamba halijaifikia, na theluji iliyoshindiliwa hung'ang'ania ardhini. Aidha, dereva hulazimika kugeuza shingo kila mara kutazama nyuma.

La mbele huondoa kero hizo. Dereva huona anachokisukuma, na likiwa na mitambo ya haidroliki, huweza kuligeuza kushoto au kulia bila kushuka. Kwa theluji ya kiasi, hakuna zana inayomaliza kazi kwa kasi kama hiyo.

Ila bamba haliiondoi theluji. Huihamisha tu kando. Kila dhoruba huongeza ukuta pembeni, ukuta huo huganda, na njia huzidi kuwa nyembamba. Anayetumia bamba yampasa kusukuma theluji mbali kupita ukingo wa njia tangu mwanzo wa msimu, ili apate nafasi ya kuweka ile itakayofuata.

Ikumbukwe pia kwamba mikono ya mbele ya trekta dogo iliundwa kwa kuinua mizigo. Bamba lililofungwa hapo likigonga jiwe au donge la barafu kwa kasi, mikono hiyo yaweza kupinda. Chagua bamba lenye springi zinazoliruhusu kulala linapogonga kizuizi, kisha endesha polepole.

Ndoo na sanduku

Matrekta mengi madogo huuzwa yakiwa na ndoo ya mbele. Ndoo ni nzuri kwa kuinua theluji na kuirundika mahali pengine, hasa pale njia inapokutana na barabara kuu, ambapo magari ya manispaa huacha tuta zito lililochanganyika na chumvi. Lakini kusafisha njia ndefu kwa ndoo pekee ni kazi ya kwenda na kurudi inayochosha.

Sanduku la kusukumia ni bamba lenye kuta mbili pembeni, aghalabu likiwa na ukingo wa mpira chini. Kuta hizo huzuia theluji kumwagikia kando. Linafaa kwa uwanja mpana kama maegesho ya kanisa au duka, wala halifai kwa njia nyembamba ambapo unataka theluji iende pembeni.

Mashine ya kurusha

Mahali ambapo theluji ni nyingi na nafasi ya kuirundika ni finyu, mashine ya kurusha ndiyo suluhisho. Arthur Sicard wa Quebec, Canada, ndiye aliyeunda mashine ya aina hiyo mnamo 1925. Zile zinazofungwa kwenye matrekta madogo aghalabu huwa na parafujo kubwa inayovuta theluji hadi katikati, kisha pangaboi huirusha kupitia bomba hadi mita kadhaa mbali. Hakuna ukuta unaobaki kando ya njia.

Mashine inayofungwa nyuma huzungushwa na mhimili unaotoa nguvu za injini, ambao katika matrekta mengi huenda mizunguko 540 kwa dakika. Bei yake ni nafuu kuliko ya mbele, ila dereva hufanya kazi akirudi kinyumenyume. Ya mbele humpa dereva starehe, lakini ni ghali, na mara nyingi ni sharti mikono ya ndoo iondolewe kwanza.

Kabla ya kununua, linganisha mambo mawili. Kwanza, upana wa mashine uzidi upana wa magurudumu, la sivyo trekta litakanyaga theluji lililoiacha. Pili, tazama nguvu zinazofika kwenye mhimili, wala si nguvu za injini zilizoandikwa ubavuni, kwa sababu nguvu za mhimilini daima huwa pungufu. Mashine pana kuliko uwezo wa trekta huzimisha injini kila inapokutana na theluji nzito.

Mashine hii pia haipatani na mawe. Kwenye njia ya changarawe, iinue kidogo kwa vile viatu vya chuma vilivyo pembeni mwake, na ukubali kuacha tabaka jembamba la theluji. Jiwe lililorushwa laweza kuvunja dirisha au kumjeruhi mtu.

Kuna pia bolti zilizoundwa ziwe dhaifu makusudi. Kitu kigumu kikinaswa, bolti hukatika na kuiokoa giaboksi. Usithubutu kuweka bolti ngumu mahali pake. Utaokoa senti na kuharibu mashine nzima. Weka akiba kadhaa.

Mshiko na dizeli

Zana bora haina faida iwapo magurudumu yanateleza. Mzigo unapokuwa mbele, nyuma ya trekta hupungukiwa na uzito, hivyo ni lazima uzito uongezwe huko. Wengine hujaza magurudumu kiowevu kisichoganda. Minyororo ya magurudumu husaidia mno juu ya barafu, ijapokuwa huweza kuchubua lami. Hakikisha kwanza kuwa kuna nafasi ya kutosha kati ya gurudumu na kinga yake.

Dizeli ya kiangazi nayo hutoa nta katika baridi kali na kuziba chujio. Badilisha mapema utumie dizeli ya msimu wa baridi.

Usalama

Hatari kubwa zaidi hutokea mashine inapozibwa na theluji iliyoloa. Wapo waliopoteza vidole kwa kuingiza mkono katika bomba. Kata nguvu za mhimili, zima injini, subiri kila kitu kisimame, kisha zibua kwa kijiti. Hata injini ikiwa imezimwa, pangaboi laweza kuruka ghafla kizuizi kikiondoka.

Skafu na nguo zinazoning'inia zisikaribie mhimili unaozunguka. Watoto wabaki ndani ya nyumba. Trekta lisiachwe likinguruma katika banda lililofungwa, kwani moshi wake una sumu inayoua bila kutoa harufu.

Sheria nayo izingatiwe. Minnesota hairuhusu mtu kusukuma theluji yake hadi kwenye barabara ya umma.

Uamuzi

Kwa kifupi, mwenye njia fupi na nafasi tele pembeni atatosheka na bamba. Mwenye uwanja mpana atafute sanduku. Mwenye njia ndefu iliyozingirwa na miti, au anayeishi mahali ambapo upepo hurundika theluji, heri aweke akiba hadi aweze kununua mashine ya kurusha. Ndoo ibaki kuwa msaidizi wa zote.

Uamuzi huo ufanywe kabla ardhi haijaganda. Pigilia vijiti kandokando ya njia mwezi Oktoba, kwa kuwa ifikapo Desemba havitaingia ardhini, na bila alama hizo dereva hawezi kujua njia inakoishia na bustani inakoanzia.

Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima. Katika nchi ya theluji, asiyechagua jembe lake mapema hulichagua akiwa amefungiwa nyumbani, zamu ikimpita.