AHADI YA MUNGU NA SHAMBA LA ANATHOTHI

Mazungumzo ya redio kwa jamaa zilizokimbia vita na kwa viongozi wa vijiji

Jambo kwenu mlio kambini, na ninyi mliopokelewa katika nyumba za watu. Jambo kwenu mliowapokea, mkagawana nao bugali na sombe mpaka chakula kikawapungukia wenyewe. Jambo kwenu pia washefu, wazee wa vijiji, wachungaji, makatekista na wamama viongozi.

Wengine wenu mlikimbia Masisi mwaka wa 1993. Wengine mlikimbia vita vya mwaka wa 1996, na tena vya mwaka wa 1998. Wengine mlikuwa katika kambi za kando ya Goma mpaka mwanzo wa mwaka wa 2025, mkalazimika kufunga mizigo tena. Kwa hiyo swali la leo tunalijua sote: kama Mungu ni mwaminifu katika ahadi zake, mbona sisi tungali hapa?

Kuuliza hivyo si dhambi. Zaburi nyingi zinauliza swali lilo hilo. Lakini tusikimbilie jibu. Tuwaangalie kwanza watu wengine waliokimbizwa, ambao Biblia inatuonyesha vizuri jinsi ahadi ya Mungu iliwafikia.

Mwaka wa 597 kabla ya Kristo, Nebukadneza mfalme wa Babeli alishinda Yerusalemu. Akamchukua mfalme Yekonia, pamoja na wakubwa, askari, mafundi wa mbao na wahunzi, akawapeleka mbali sana. Huko Babeli watu hao walikaa wakingoja habari moja tu: tunarudi lini?

Nabii mmoja, jina lake Hanania, akawajibu alivyojua watapenda. Akasema mbele ya watu wote katika hekalu ya kwamba kabla ya miaka miwili kuisha, wote watakuwa wamerudi. Bila shaka watu walifurahi. Lakini Mungu hakumtuma. Soma Yeremia sura ya 28.

Yeremia naye akaandika barua kwa waliochukuliwa. Tunaisoma katika sura ya 29. Barua hiyo haikutaja miaka miwili. Ilitaja miaka sabini. Ikawaambia wajenge nyumba na kukaa ndani yake, wapande bustani na kula matunda yake, waoe na kuoza watoto wao, wasipungue. Tena ikawaambia wautafute usalama wa mji ule waliopelekwa, na kuuombea kwa Mungu, maana mji ukipata amani, wao pia watapata amani.

Aya ya 11 ya sura hiyo tunaipenda sana. Ndiyo inayosema kwamba Mungu anawawazia watu wake mema, kuwapa tumaini mwishoni. Wengi tunaiandika ukutani. Lakini mara nyingi tunasahau iliandikiwa nani: watu walioambiwa kwamba watangoja miaka sabini. Ahadi ilikuwa kweli, na kungoja kulikuwa kweli vilevile.

Basi, ndugu zangu, hapa tunapata fundisho la kwanza. Kuamini ahadi ya Mungu si kukaa juu ya mizigo iliyofungwa, mikono magotini. Mama anayepanda lengalenga kando ya kibanda chake hakusahau kijiji chake. Baba anayetafuta njia ya kupeleka watoto masomo hakukata tamaa ya kurudi. Hao ndio wanaoamini, kwa sababu wanatunza watu ambao Mungu atawarudisha. Na kuombea mji uliokupokea, hata wakati wenyeji wake wanakunung'unikia kwa ajili ya maji au kuni, ni kazi ya amani. Huwezi kuombea mtu kila siku na kuendelea kumchukia.

Fundisho la pili ni la viongozi zaidi. Karibu mwaka wa 587 kabla ya Kristo, jeshi la Babeli liliuzunguka Yerusalemu tena. Yeremia alikuwa amefungwa katika uwanja wa walinzi. Wakati huo Hanameli, mwana wa ndugu ya baba yake, akamjia na kumwomba anunue shamba la jamaa lililoko Anathothi, kijiji chao, karibu na Yerusalemu. Nani ananunua shamba wakati adui amejaa katika inchi? Hata hivyo Yeremia akapima shekeli 17 za fedha, yaani karibu gramu 200, akanunua.

Angalieni alivyofanya, katika sura ya 32. Aliita mashahidi. Hati ikaandikwa mara mbili, moja ikatiwa muhuri, moja ikaachwa wazi. Akampa Baruku, mwandishi wake, azitie zote mbili katika chombo cha udongo zipate kukaa siku nyingi. Maana Mungu alisema kwamba nyumba na mashamba vitanunuliwa tena katika inchi ile. Imani ya Yeremia ilikuwa na mashahidi na muhuri.

Bwana shefu, neno hili linakuhusu. Aliyekimbia ameacha shamba nyuma. Pengine limekaliwa na mtu mwingine aliyekimbia kutoka mahali pengine. Pengine kuna mwenye franga anayetaka kulinunua upesi. Usiuze shamba la asiyekuwapo. Ita wazee wa pande zote, andikeni mipaka, andikeni nani analima kwa muda na nani ni mwenyewe, mtie sahihi, kila upande ubaki na karatasi. Vita vingi vya kesho vinaanza katika shamba lililouzwa leo kwa siri. Tena usiwaambie watu, kama Hanania, kwamba watarudi mwezi fulani, kama hujui. Ahadi ya uongo inavunja moyo kuliko kungoja.

Je, Mungu alitimiza? Mwaka wa 539 kabla ya Kristo, Koreshi mfalme wa Uajemi alitwaa Babeli, na mwaka uliofuata akawapa Wayahudi ruhusa ya kurudi. Kitabu cha Ezra, sura ya 2, kinahesabu waliorudi, kijiji kwa kijiji. Katika hesabu hiyo wamo watu wa Anathothi, wanaume 128. Ahadi ilifika mpaka kijiji kilekile cha lile shamba.

Yeremia mwenyewe hakuwamo. Alichukuliwa Misri, na Biblia haisemi kwamba alirudi. Wazee wengi waliopanda bustani Babeli walizikwa kulekule. Waliorudi wengi walikuwa watoto na wajukuu wao. Hatutaki kuwaficha jambo hili. Sisi Wakristo tunaamini kwamba ahadi zote za Mungu zina uhakika katika Yesu Kristo aliyefufuka, hata kaburi haliwezi kuzizuia. Lakini Mungu hakutupa sisi kalenda yake. Alitupa neno lake, na kazi ya leo.

Basi, mkimaliza kusikiliza, kaeni pamoja, waliokimbia na wenyeji, mzungumze maswali haya:

1. Tunaweza kupanda au kutengeneza nini hapa tulipo, hata kama tunatumaini kurudi?
2. Ni jambo gani moja tunaloweza kufanya kwa amani ya mahali hapa palipotupokea?
3. Nani anatunza habari za mashamba tuliyoyaacha, na mashahidi ni akina nani?

Mungu aliye mwaminifu awalinde ninyi na watoto wenu. Amani ikae katika nyumba zenu, na katika vibanda vyenu.