Katobaha, Mgeni Aliyezaa Watawala wa Ukerewe

Meli kutoka Mwanza hadi Nansio, bandari ya kisiwa cha Ukerewe katika Ziwa Victoria, hutumia takriban saa tatu, na abiria anaposhuka amekwisha kuingia katika himaya nyingine ya maneno. Kwa Wasukuma aliowaacha nyuma mtawala alikuwa ntemi. Ukerewe alikuwa omukama, kama alivyoitwa Buhaya, magharibi ya ziwa, na hata Bunyoro, Uganda.

Neno hilo lina njia yake. Masimulizi ya Wakerewe yanamtaja Katobaha wa ukoo wa Silanga, aliyetoka Ihangiro huko Buhaya, katika Wilaya ya Muleba ya leo, akafika Ukerewe na wafuasi wa koo mbalimbali na kuwatawala wenyeji. Wanahistoria huiweka safari hiyo katika karne ya 17. Mwaka 1875 mpelelezi Henry Stanley alimkuta Omukama Lukonge akitawala. Wa mwisho alikuwa Michael Lukumbuzya, kabla serikali haijafuta utawala wa machifu mwaka 1963.

Sasa, nani ametusimulia hayo? Kwa sehemu kubwa ni Aniceti Kitereza, mwandishi wa riwaya ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, aliyemsaidia mtafiti Mmarekani Gerald Hartwig mwishoni mwa miaka ya 1960. Kazi yake ni hazina. Lakini Kitereza alikuwa mjukuu wa Omukama Machunda, na mjukuu humsimulia babu kwa mapenzi.

Historia ya wafalme kusimuliwa na wazao wao haiko Ukerewe peke yake; Bengal, kusini mwa Asia, nako ni vivyo hivyo. Katika karne ya 8 Gopala alianzisha ukoo wa kifalme wa Pala. Bamba la shaba la Khalimpur linasema watu walimtawaza ili akomeshe sheria ya samaki, yaani mkubwa kummeza mdogo. Mvuvi wa Nansio, anayejua sangara alivyowamaliza furu, hahitaji kuelezwa zaidi. Aliyetoa bamba hilo ni Dharmapala, mwana wa Gopala.

Ndiyo maana shahidi asiye na undugu na mfalme ana thamani kubwa, na Ukerewe shahidi huyo ni lugha. Kikerewe kiko karibu na Kihaya na Kizinza kuliko Kisukuma. Hilo halithibitishi kwamba Katobaha alikuwepo. Linaashiria jambo pana zaidi: watu wa magharibi ya ziwa walifika kwa wingi, na familia zao, wakalea watoto kwa lugha yao. Mtu mmoja na walinzi wake wangeweza kuteka kiti. Kuwabadilishia kina mama wa kisiwa kizima namna ya kuwabembeleza watoto wao kungewashinda.