Choa, Mba na Mapunye: Matumizi Yafaayo ya Dawa za Kupaka

Kiswahili kina hazina ya majina ya maradhi ya ngozi. Choa ni ugonjwa unaofanya duara lenye ukingo ulioinuka na kuwasha. Mba huleta mabaka meupe au ya hudhurungi kifuani, mgongoni na shingoni. Mapunye nayo hushambulia kichwa, hasa cha mtoto, na kung'oa nywele. Siku hizi wengi wetu huyaita yote "fangasi", kisha tukakimbilia duka la dawa kununua tyubu moja ya krimu bila kumwona daktari. Makala haya yanadhamiria kueleza kwa nini tofauti hizo ni muhimu katika tiba.

Maradhi haya husababishwa na vimelea vya kuvu. Dawa kama vile klotrimazoli huvizuia vimelea hivyo kutengeneza mafuta maalumu yanayoshikilia utando wa seli zake, navyo hudhoofika na kufa. Kazi hiyo haikamiliki kwa siku moja. Klotrimazoli ya asilimia 1 hupakwa mara 2 au 3 kwa siku, na ni sharti iendelezwe kwa wiki 2 baada ya dalili kutoweka. Terbinafini huchukua muda mfupi zaidi, aghalabu wiki 1 hadi 2. Anayeacha dawa pindi mwasho unapokoma huviacha vimelea vikiwa hai, na ugonjwa hurejea.

Namna ya kupaka pia ina utaratibu wake. Osha mahali palipoathirika, ukaushe kabisa, kisha upake dawa kidogo hadi sentimita 2 hivi nje ya ukingo, kwa kuwa vimelea huenea mbele ya alama inayoonekana. Hatimaye nawa mikono.

Hata hivyo, si kila ugonjwa hutibika kwa krimu. Vimelea vya mapunye hujificha ndani ya shina la unywele, mahali ambapo krimu haifiki. Mtoto mwenye mapunye huhitaji dawa ya kumeza, kama vile griseofulvini, kwa maagizo ya daktari. Kucha zilizoharibika nazo ni vivyo hivyo. Ama kuhusu mba, mgonjwa asikate tamaa akiona mabaka meupe yamesalia baada ya tiba. Vimelea huenda vimekwisha kufa, ila ngozi huchukua miezi kadhaa kurejesha rangi yake.

Hatari kubwa zaidi imo katika krimu za mchanganyiko. Baadhi yake huwa na dawa ya kuvu pamoja na steroidi kali, kwa mfano betamethasoni au klobetasoli. Steroidi hutuliza mwasho upesi, naye mgonjwa akadhani amepona. Kumbe hupunguza kinga ya ngozi, vimelea vikaenea, na duara likapoteza umbo lake hata daktari akatatizika kulitambua. Zikitumiwa kwa muda mrefu, steroidi huifanya ngozi kuwa nyembamba na yenye michirizi. Nchini India, wataalamu wamehusisha matumizi mabaya ya krimu za aina hii na kuenea kwa kimelea sugu kilichopewa jina la Trichophyton indotineae mwaka wa 2020. Kimelea hicho, ambacho mara nyingi hakisikii terbinafini, sasa kimeonekana katika mataifa mengi. Kwa hivyo, soma maandishi ya tyubu kabla ya kulipa, na umwulize mfamasia iwapo dawa hiyo ina steroidi.

Kwa sisi tunaoishi mabwenini, kinga ni bora kuliko tiba. Tusiazimane taulo, viatu wala vitana. Tuvae malapa bafuni, tukaushe katikati ya vidole vya miguu, na tubadilishe soksi kila siku.

Iwapo hali haitapata nafuu baada ya wiki 2 za kupaka dawa ipasavyo, au ugonjwa ukienea mwilini, ukatoa usaha au kumpata mwenye kisukari au upungufu wa kinga, mgonjwa amwone daktari. Aibu isimzuie mtu, kwani mficha maradhi kilio humfichua.