Jicho la Maji

Wazee wetu wa pwani huiita chemchemi jicho la maji, na jina hilo limebeba maana nzito. Jicho ni kiungo ambacho kikiharibika hakipati badala. Kadhalika chemchemi ikizibwa au kukauka, haifufuki kwa amri ya mkubwa yeyote.

Nilikuwa nikitembea kwa miguu katika vijiji vilivyo chini ya Milima ya Shimba, katika Kaunti ya Kwale, nikifuata ujia unaopita kati ya mikorosho na minazi, nikasikia maji kabla ya kuyaona. Yalikuwa yakibubujika chini ya mwamba, maangavu, yakijikusanya katika kidimbwi kisichozidi upana wa mkeka. Akina mama wanne walikuwa wamepanga mitungi yao, wakingoja zamu. Aliyekuwa akiteka kwa kata ni msichana mwenye sare za shule. Ilikuwa Jumanne, saa tatu asubuhi.

Maji yale hayakutoka kwa miujiza. Mvua inyeshayo juu ya milima hiyo, ifikayo takriban mita 450 kutoka usawa wa bahari, hupokewa na majani ya msitu, ikadondoka polepole na kupenya katika mawe ya mchanga. Huko hukaa kama akiba hadi ipate upenyo wa kutokea bondeni. Ondoa miti, na mvua ile ile itateremka kwa kishindo, ichukue udongo hadi baharini, na kiangazi kikija jicho litakuwa kavu.

Waama, manufaa ya akiba hiyo yamevuka mipaka ya Kwale. Tangu enzi za ukoloni, maji ya chemchemi za Marere, zilizomo katika Hifadhi ya Milima ya Shimba, yalifikishwa Mombasa kwa mabomba. Mji ulikunywa, ilhali wengi wa jirani za msitu waliendelea kubeba mitungi kichwani. Kifungu cha 43 cha Katiba ya mwaka 2010 kinampa kila mtu haki ya maji safi, salama na ya kutosha. Yule msichana hakutengwa katika haki hiyo.

Kule Diani nako visima vina somo lake. Maji matamu yamo katika miamba ya matumbawe. Yakivutwa kupita kiasi, maji ya bahari huingia mahali pake, na kisima kikaanza kutoa chumvi. Mtumiaji asiyejua kiasi hujichimbia kiu yake mwenyewe.

Wadigo walilijua jambo la kuhifadhi kabla ya sheria za serikali. Kaya Kinondo, ambayo mwaka 2008 iliorodheshwa pamoja na kaya nyingine za Wamijikenda kuwa urithi wa dunia, ilisalimika kwa sababu miiko ilikataza kukata miti yake.

Walimu wenzangu, wapelekeni wanafunzi kwenye chemchemi iliyo karibu na shule. Wapime inajaza mtungi kwa dakika ngapi wakati wa masika na wakati wa kiangazi, waandike daftarini mwaka baada ya mwaka. Takwimu hizo zikipelekwa barazani, hakuna kiongozi atakayesema hakujua. Nanyi wanafunzi, ulizeni: iwapo maji yaliweza kusafirishwa hadi Mombasa, ni kitu gani kinachoyazuia kufika penu?