Mitishamba na Vijidudu Sugu (2): Duara Kwenye Sahani Bado Si Dawa

Wiki iliyopita tulieleza jinsi bakteria wanavyojenga usugu dhidi ya antibiotiki, na kwamba mwaka 2019 pekee usugu huo ulisababisha moja kwa moja vifo vya watu wapatao milioni 1.27 duniani. Leo tunajibu swali ninaloulizwa kila ninapozungumzia jambo hili: "Mbona porini kwetu dawa zimejaa? Kwa nini hazipimwi?"

Zinapimwa. Pale Muhimbili, Dar es Salaam, utafiti wa tiba asili ulianzishiwa kitengo chake mwaka 1974, na leo kitengo hicho ni taasisi kamili ya chuo kikuu. Swali zito zaidi ni hili: tukisikia mti fulani "umethibitishwa maabara kuua vijidudu", tuelewe nini?

Tuchukue msokonoi, ambao wataalamu huuita Warburgia ugandensis na Wamaasai huuita osokonoi. Ukitafuna gome lake, ulimi huwaka kama umeuma pilipili. Jamii nyingi za Afrika Mashariki hulitumia kwa kikohozi, jino na maumivu ya tumbo.

Likifika maabara, gome hukaushwa, husagwa, hulowekwa kwenye maji au alkoholi, kisha huchujwa. Hatua hii peke yake inaweza kuipoteza dawa. Mwanasayansi wa China, Tu Youyou, alipotafuta dawa ya malaria, kuchemsha mmea kulimwangusha. Akasoma katika kitabu cha kale cha tabibu Ge Hong kwamba mmea huo hulowekwa na kukamuliwa. Akaachana na moto mkali, akatumia etha, na mwaka 1972 artemisinini ikapatikana. Namna mganga anavyotayarisha dawa yake ni elimu, nayo inastahili kuandikwa kwa uangalifu uleule tunaoandikia jina la mti.

Kipimo cha kwanza ni rahisi. Bakteria hupakwa juu ya aga, yaani rojo iliyoganda ya kukuzia vijidudu, kwenye sahani, kisha huwekwa vikaratasi vya duara, upana milimita 6, vilivyolowa dawa. Sahani hulala kwenye joto kama la mwili. Asubuhi bakteria wametanda kama ukungu mweupe, ila kuzunguka baadhi ya vikaratasi kumebaki wazi bila bakteria, na mtafiti hupima duara hilo kwa rula. Picha yake hupendeza sana gazetini. Lakini kemikali isiyoyeyuka vizuri majini haisambai kwenye aga, hivyo dawa kali inaweza kutoa duara dogo, na hafifu ikatoa kubwa. Dalili ya mvua ni mawingu, lakini hakuna mkulima avunaye mawingu.

Kipimo cha pili ni kigumu zaidi. Mwaka 1998 Jacobus Eloff wa Afrika Kusini alieleza namna ya kutumia sahani yenye vishimo 96 kupima mimea. Kila kishimo hupewa nusu ya dawa iliyo katika kilichotangulia, kisha hutiwa bakteria, na mwisho rangi maalumu. Bakteria walio hai huigeuza kuwa nyekundu. Unafuata mstari kishimo kwa kishimo hadi wekundu uanze. Cha mwisho kisicho na wekundu ndicho kiwango cha chini kinachozuia bakteria.

Hapo ndipo ukweli hujulikana. Antibiotiki gentamisini humzuia bakteria E. koli wa kawaida wa maabara kwa mikrogramu 1 au chini ya hapo kwa kila mililita. Tafiti nyingi za mimea hutangaza ushindi kwa miligramu kadhaa, yaani maelfu ya mikrogramu. Siki nayo huua bakteria kwenye sahani, wala hatuinywi kutibu kichomi. Ni kweli kwamba mchujo wa gome ni mchanganyiko, na kemikali yenye nguvu huenda ni sehemu ndogo tu yake. Ndiyo maana kazi lazima iendelee hadi kemikali hiyo itengwe.

Kisha sumu. Miaka ya 1970 watafiti waligundua kwamba ukali wa msokonoi huwafanya viwavijeshi wakatae kula. Mti ulijitengenezea silaha kwa ajili yake wenyewe, na kinachomfukuza kiwavi chaweza kuumiza figo na ini zetu. Maabara nyingi huanza na uduvi wa maji chumvi: huwatia kwenye dawa, na baada ya saa 24 huhesabu waliobaki hai. Baada ya uduvi hufuata seli, wanyama, na hatimaye majaribio kwa binadamu, ambako mimea michache mno hufika.

Kwa hiyo, msomaji, usikatize dozi uliyoandikiwa hospitalini kwa sababu ya duara. Ukisikia mti umethibitishwa, uliza: umezuia kijidudu gani, kwa kiasi gani, na usalama wake umepimwa kwa nani?

Wiki ijayo tutaona kemikali za mimea zisizoua bakteria, ila huziba pampu wanazotumia kutapika antibiotiki.