Anayetaka kumnasa mbuta aanze na ndoano, si fimbo

UKISIMAMA katika ufuo wa Dunga, Kisumu, asubuhi mashua zinaporejea, huenda ukabahatika kumwona mbuta mkubwa akiwa ametundikwa kwenye kasia na kubebwa na vijana wawili, mkia ukiburura mchangani. Watazamaji hukusanyika, simu hutolewa mifukoni kwa ajili ya picha, na hakosi mmoja miongoni mwao anayeapa kwamba Jumamosi ijayo naye atajitosa ziwani ajaribu bahati yake.

Wengi wanaotimiza kiapo hicho huenda moja kwa moja dukani na kuuliza swali moja: fimbo nzuri ya kuvulia ni ipi? Swali lenyewe si baya, ila limeanzia mwisho. Fimbo ndicho kifaa kinachoonekana zaidi, na mara nyingi ndicho kinachomeza pesa nyingi zaidi, lakini samaki hajui fimbo. Anachokijua ni ndoano iliyo kinywani mwake. Kati ya ndoano hiyo na mkono wa mvuvi kuna msururu wa vitu vidogo: pete, fundo, kipande cha mshipi, kizungushio. Kimoja kikilegea, vingine vyote havina faida, hata viwe vya bei ghali kiasi gani.

Mwandishi wa makala haya alilipia karo ya somo hilo miaka mingi iliyopita katika maji ya kisiwa cha Takawiri. Fimbo ilikuwa mpya, imenunuliwa kwa akiba ya miezi mitatu. Chambo bandia kilikuwa cha bei rahisi, kilichochukuliwa dakika za mwisho katika duka moja la mjini. Mbuta alipokamata, fimbo ilipinda jinsi ilivyotarajiwa, kisha ghafla mshipi ukawa mwepesi. Chambo kilirudi bila ndoano. Pete iliyokuwa imeishikilia ilikuwa imenyooka kama kibanio cha karatasi. Mzee aliyeshika usukani alitabasamu, akasema: “Kijana wangu, umejenga nyumba ya mawe ukaitia mlango wa karatasi.”

Kwa sababu hiyo, makala haya yanapendekeza utaratibu wa kinyume: tuanze kwenye ndoano, tuje polepole hadi mkononi.

MJUE SAMAKI KWANZA

Mbuta, ambaye majirani zetu wa Tanzania humwita sangara, si mwenyeji wa asili wa Ziwa Victoria. Aliingizwa katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960, na kufikia miaka ya 1980 alikuwa ametawala maji na kuwaangamiza fulu wa aina nyingi. Anaweza kufikia urefu wa karibu mita 2. Rekodi ya dunia ya mbuta aliyevuliwa kwa fimbo, inayotunzwa na shirika la kimataifa la IGFA, ni ya kilo 104.32, samaki huyo alinaswa mwaka wa 2000 katika Ziwa Nasser nchini Misri. Wengi wanaopatikana kwetu ni wadogo mno wakilinganishwa naye, lakini anayeanza hawezi kuchagua ni yupi atakayekuja kukila chambo chake.

Maumbile yake yana mafunzo matatu kwa mnunuzi wa vifaa. Kwanza, kinywa chake ni kipana na kimejaa meno madogo madogo kama msasa. Meno hayo hayakati mshipi mara moja, bali huusugua hadi ukatike. Pili, vifuniko vya mashavu yake na miiba ya mgongoni ni mikali, na huweza kumjeruhi asiyejua kumshika. Tatu, mbuta anahitaji maji yenye oksijeni ya kutosha. Ndiyo maana mvuvi wa ndoano huwa na matumaini zaidi penye miamba, mikondo na kina, kama vile maji ya Mbita, Rusinga na Mfangano kwenye mlango wa Ghuba ya Winam, kuliko katika maji machache yenye matope na magugumaji karibu na mji wa Kisumu.

NDOANO

Nambari za ndoano huwachanganya wanaoanza. Katika ndoano ndogo, nambari inavyopanda ndivyo ndoano inavyopungua. Ya nambari 12 ni ndogo kuliko ya nambari 8. Baada ya kufika nambari 1, hesabu hugeuka. Huandikwa 1/0, 2/0, 3/0 na kuendelea, na hapo nambari inavyopanda ndivyo ndoano inavyokua. Kwa mbuta, anayeanza atafute ndoano nene za kati ya 5/0 na 8/0.

Ukubwa huo si suala la nguvu pekee. Ndoano ndogo huwanasa kwa wingi mbuta wachanga ambao bado hawajazaa. Mataifa matatu yanayolimiliki ziwa, yaani Kenya, Uganda na Tanzania, yalikubaliana kupitia Shirika la Uvuvi la Ziwa Victoria, lililoundwa mwaka wa 1994 na lenye makao yake Jinja, kwamba viwanda vishughulikie mbuta wa urefu wa kati ya sentimita 50 na 85 pekee. Aliye chini ya kipimo hicho bado ni mtoto. Aliye juu yake ni mzazi, na jike mkubwa hutaga mayai mengi kupindukia. Hivyo basi, anayenunua ndoano huwa pia anaamua ni samaki gani atakayemtoa ziwani na yupi atakayemwachia mvuvi wa kesho. Kwa familia zinazoishi kwa uvuvi kutoka Dunga hadi Usenge, uamuzi huo una uzito kuliko burudani ya siku moja.

Kuhusu umbo, ndoano ya mviringo, ambayo ncha yake imegeukia ndani, inamfaa sana anayetumia chambo hai. Aghalabu humshika samaki pembeni mwa kinywa badala ya tumboni, na hivyo huweza kuachiliwa akiwa na nafasi ya kuishi. Lakini ina sharti lake: samaki anapokamata, usivute kwa kishindo. Kaza mshipi taratibu, nayo ndoano itajipachika yenyewe.

Kabla ya kuitumia ndoano yoyote, iburuze ncha yake juu ya ukucha wa kidole gumba. Ikikwama, ni kali. Ikiteleza, inoe au itupe.

KIPANDE CHA MBELE NA MSHIPI

Kutoka kwenye ndoano, kifaa kinachofuata ni kipande cha mbele cha mshipi, ambacho ndicho kinachopambana na ule msasa wa meno na makali ya miamba. Kiwe cha nailoni nene ya nguvu ya ratili 80 hadi 100, na urefu wa mita moja na nusu hadi mbili. Kiunganishwe na mshipi mkuu kwa kizungushio imara cha chuma, ili chambo kinapozunguka majini mshipi usijisokote.

Mshipi mkuu una aina mbili kuu. Wa nailoni ya uzi mmoja ni wa bei nafuu, hunyumbuka na hivyo humsamehe mvuvi makosa yake. Wa kusokotwa ni mwembamba kwa nguvu ile ile, na huleta mkononi kila mguso wa samaki, lakini haunyumbuki, hukatika upesi ukisuguana na jiwe, na unaweza kukata ngozi ya mkono. Anayeanza atatumikiwa vyema na nailoni ya ratili 40.

Fundo nalo ni kifaa, tena kifaa kisichonunuliwa. Lilowanishe kwa mate au maji kabla ya kulikaza, kwani nailoni ikikazwa ikiwa kavu huungua kwa msuguano na kupoteza nguvu. Kisha livute kwa mikono yote miwili. Ni afadhali likatikie nyumbani kuliko ziwani.

Kwa asiye na uwezo wa kununua zaidi ya hapo, safari ya dukani inaweza kuishia hapa. Mshipi wa mkono wa ratili 80 au zaidi, uliozungushwa kwenye kipande cha mbao, pamoja na chubwi na ndoano iliyoelezwa hapo juu, umewatosha wavuvi wengi. Avae glavu nzito, na kwa hali yoyote asiuzungushe mshipi kiganjani. Mbuta akienda mbio, mkono ndio utakaolipa.

RILI NA FIMBO

Rili iwe na uwezo wa kubeba angalau mita 200 za mshipi uliouchagua. Jambo la pili la kuangalia ni breki yake. Breki ndiyo inayouachilia mshipi samaki anapokimbia, na ikiwa inakwamakwama mshipi hukatika. Itegwe kwenye robo hadi theluthi ya nguvu ya mshipi. Kwa mshipi wa ratili 40, hizo ni takriban kilo 4.5 hadi 6. Njia ya kupima ni rahisi: funga ncha ya mshipi kwenye mizani ya kuning'iniza, ile ile wanayoitumia wauzaji wa samaki ufuoni, uivute, na usome mshale unapoonyesha wakati rili inapoanza kuachilia.

Sasa ndipo ununue fimbo. Kwa kuvulia chomboni, urefu wa futi 7 unatosha. Fimbo ndefu mno husumbua katika mashua nyembamba. Karibu na mshikio huandikwa nguvu ya mshipi unaoifaa. Hakikisha inalingana na ule ulioununua. Fimbo ya nyuzi za kioo ni nzito kidogo lakini huvumilia kugongwa na kukanyagwa. Ile ya kaboni ni nyepesi na ya kupendeza, ila ikigongwa ubavuni mwa mashua yaweza kupata ufa usioonekana na kuvunjika siku ya haja.

VIFAA KUTOKA UGHAIBUNI

Wapo wasomaji wenye ndugu nchini Marekani, hasa katika jimbo la Minnesota ambako Wakenya ni wengi, na huenda wakaletewa vifaa vya kumvulia samaki wa huko aitwaye muskie. Je, vitafaa Mbita?

Kwa sehemu kubwa, ndiyo. Muskie ni samaki mrefu, mwindaji, mwenye meno makali, na wavuvi wake hutumia fimbo nzito na vyambo bandia vikubwa. Hata hivyo, rekodi ya IGFA ya muskie, iliyowekwa Wisconsin mwaka wa 1949, ni ya kilo 30.61, chini ya theluthi moja ya ile ya mbuta. Kwa hivyo, kagua pete na ndoano za vyambo hivyo, na ubadilishe zilizo dhaifu. Waya wa chuma wanaoufunga mbele ya chambo kwa sababu ya meno ya muskie hauhitajiki kwa mbuta. Nailoni nene inatosha.

CHAMBO

Wavuvi wa hapa hutumia fulu na mumi wadogo walio hai, na wapo wafugaji wa samaki wanaozalisha mumi kwa ajili hiyo. Kununua kwao ni bora kuliko kuwachokora samaki wachanga ufuoni.

Kwa upande wa vyambo bandia, aliyefungua njia ya aina inayojulikana zaidi ni mvuvi wa Ufini, Lauri Rapala, aliyechonga chambo chake cha kwanza mwaka wa 1936 kikiiga mwendo wa samaki mdogo aliyejeruhiwa. Aina za leo zina ulimi wa mbele unaokizamisha chambo kinapoburutwa nyuma ya boti. Ulimi unavyokuwa mrefu ndivyo chambo kinavyokwenda chini zaidi. Viwili au vitatu vya urefu wa sentimita 12 hadi 18, vya kina tofauti, vinatosha kuanzia. Katika maji ya matope chagua rangi angavu na chambo kinachotikisika kwa nguvu.

KABLA YA KUSUKUMA MASHUA

Usisahau koleo refu la kuchomolea ndoano, glavu, na jaketi la kuokolea maisha kwa kila aliye chomboni. Pepo za Ziwa Victoria hugeuka ghafla, na viboko si hadithi ya watalii tu. Uvuvi wa burudani nao unahitaji leseni kwa mujibu wa sheria ya uvuvi ya mwaka 2016, na ni heshima kujitambulisha kwa kamati ya usimamizi wa ufuo, maarufu kama BMU, kabla ya kuondoka. Wanachama wake ndio wanaojua ni wapi nyavu zimetegwa na ni wapi samaki huzaliana.

Beba pia utepe wa kupimia. Ukimpata mbuta aliye chini ya sentimita 50, au yule mzazi anayepita 85, mrudishe upesi, ukimshika kwa mikono iliyolowa maji. Kumwachilia mkubwa ni kugumu, hasa kwa kuwa bondo lake huwa na bei kuliko nyama yake. Lakini mvuvi aliyetumia ndoano ifaayo atakuwa na hiari ya kufanya hivyo, kwa kuwa samaki wake atakuwa angali na uhai wa kurudishiwa.