Safari ya Canterbury

Hapo kale mahujaji waliotoka London kwenda kusali penye kaburi la Mtakatifu Toma Becket walishika njia siku kadhaa, kwa miguu au juu ya farasi. Leo treni ya mbio itokayo St Pancras hufika Canterbury kwa muda wa saa moja hivi. Lakini tuangalie: mji una stesheni mbili. Treni hiyo husimama Canterbury West. Treni za Victoria huenda Canterbury East, nazo hukawia zaidi.

Toka stesheni yoyote twatembea dakika chache hata kanisa kuu, ambamo askari wanne wa mfalme Henry II walimwua askofu mkuu huyo tarehe 29 Desemba 1170. Kaburi tusilitafute. Henry VIII alilivunjisha mwaka 1538, na mahali pake huwaka mshumaa mmoja tu.

Kanisa hilo ni la Waanglikana. Misa twaipata karibu sana, katika njia ya Burgate, kwenye kanisa la Kikatoliki linalotunza masalia ya Mtakatifu Toma. Kituo cha mabasi nacho hakiko mbali, wazee wasihofu. Mwenye nguvu aendelee kwa miguu upande wa mashariki, hata kanisa dogo la Mtakatifu Martini: humo malkia Bertha alisali kabla Mtakatifu Augustino hajafika mwaka 597.